Kiporo cha Profesa Trehalosi

Jumanne, 24 Machi

Mvua ya kwanza ya maana leo. Daftari hili nimeliokoa maabara, lilikuwa linatupwa kwa sababu kurasa za mbele zimelowa. Nimezichana. Zilizobaki zitanitosha masika haya, maana masika mimi huwa sina pa kwenda.

Nianze na kinachonipa raha. Mimi ni fundi wa maabara ya vyakula, napima wanga. Nikitoka kazini naingia kwenye jukwaa letu la mtandaoni, watu kama mia tatu wa nchi mbalimbali, wote kazi yao wanga na sukari za kila aina. Tunaandikiana Kiingereza, tunagombana juu ya mambo ambayo majumbani mwetu hakuna anayetaka kuyasikia. Kule hakuna anayetumia jina lake. Desturi ni kuchukua jina la sukari au wanga fulani. Msimamizi wetu, bibi mmoja mstaafu sijui wa nchi gani, anaitwa Inulini. Mimi ni Trehalosi, sukari iliyomo kwenye uyoga, na picha yangu ni uyoga. Hawajui kwamba Trehalosi ni Shamimu wa Vingunguti, mwenye stashahada moja tu, anayelala chumba kimoja na magunia ya sembe ya shangazi yake. Wananiuliza maswali, nawajibu, wanasema asante. Huku nyumbani naulizwa kama maji yametoka.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua. Shangazi kafungua tena kibanda chake cha ugali, jirani na machinjio, baada ya Idi. Wale vijana wa machinjioni walimpokea utadhani katoka Hija.

Jumapili, 29 Machi

Jirani yetu Mwamvita kaingia bila hodi, kandambili mkononi, simu juu. "Bi Zubeda, njoo usikie! Nyie wenye sukari mmekombolewa!"

Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito na tamu kama ya msoma taarifa ya habari. Ilisema: "Ndugu zangu wenye kisukari, furahini. Profesa Trehalosi, bingwa wa wanga duniani, amethibitisha. Ugali ukilala, sukari yake inakufa. Kula kiporo, achana na sindano." Juu yake imeandikwa kwamba imesambazwa mara nyingi.

Nilikuwa nachambua mchele. Nikaendelea kuchambua punje zile zile.

Niandike hapa jinsi ilivyokuwa, maana sina wa kumwambia. Ugali ukipoa na kulala, sehemu ya wanga wake inakakamaa na tumbo haliwezi kuusaga. Hilo si jambo jipya. Mimi mwezi Januari nilitaka tu kujua wa kwetu ukoje, nikapima ugali wa Shangazi. Anawapikia wachinjaji kila siku, sufuria moja, mkono mmoja, haubadiliki hata kidogo. Sampuli gani ingekuwa bora kuliko hiyo? Nikaandika jukwaani kwamba kiporo kina asilimia kumi na mbili ya wanga usiosagika. Watu wakashangilia. Nilivimba kichwa siku nzima.

Ila nilisahau neno moja. Jukwaani kwetu, ukitaja namba yoyote lazima useme kavu au bichi, yaani umehesabu unga uliokaushwa maji yote, au chakula kama kilivyo sahanini. Mimi nilihesabu kavu. Sahanini, ugali mwingi ni maji. Ile kumi na mbili haifiki hata nne, na wanga wote uliobaki unageuka sukari mwilini kama kawaida. Baada ya siku mbili Inulini aliniuliza: "Kavu au bichi, Trehalosi?" Nikajibu: "Kavu, samahani." Jibu hilo liko chini kabisa, ukurasa wa pili. Wenzangu wote walielewa. Aliyeuchukua ukurasa wa kwanza na kuutia maneno yake simjui, wala sitamjua.

"Shangazi, huo uongo," nilisema.

"Wewe unapima unga, mwanangu," alinijibu bila ubaya wowote. "Mwenzio Profesa."

Jumatano, 1 Aprili

Kwenye ubao wa kibanda, chini ya maharage na dagaa, Shangazi kamwandikisha Mwamvita kwa chaki: KIPORO CHA PROFESA KIPO. Wateja wanacheka. Halafu wanaagiza.

Jumamosi, 4 Aprili

Leo nilifungua friji kutafuta ndimu, nikaona kichupa cha insulini kiko pale pale kilipokuwa Jumapili. Nilikuwa nimeweka alama ya kalamu kwenye lebo, mazoea ya maabara. Dawa haijashuka hata mstari mmoja.

Sikumkuta na hatia yoyote usoni. "Zile sindano zilikuwa zinanitia kizunguzungu," alisema. "Nilikuwaga nashika ukuta kwenda chooni. Sasa hivi mzima. Niangalie, natetemeka?"

Nikampima. Kumi na sita nukta tatu. Mara mbili ya inavyotakiwa na zaidi.

"Hiko kimashine kimeingia unyevu," alisema. "Kila kitu ndani humu kimeingia unyevu."

Na kweli, kila kitu kimeingia unyevu. Hata chumvi imekuwa uji. Nikapima tena, ikaja kumi na sita nukta moja, akasema umeona, inashuka.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimemwandikia Inulini nikimwomba afute uzi wangu wa Januari, yale mazungumzo ya kiporo. Kanijibu kwa mistari miwili: "Hatufuti, Trehalosi. Sayansi haifutwi, inasahihishwa chini yake." Sheria hiyo naijua. Niliwahi kuitetea kwa ukali dhidi ya bwana mmoja aliyetaka kuficha aibu yake.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Kumi na saba.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimefungua uzi mpya jukwaani. Niliandika kwamba ninaye ndugu ameacha insulini kwa sababu ya namba yangu, naomba wenzangu mnisaidie namna ya kumweleza. Baada ya saa moja nilikuta umefungwa. Sheria ya nne: hapa tunajadili wanga, hatujadili wagonjwa. Kabla haujafungwa alipata nafasi mtu mmoja tu, anajiita Amilosi, akauliza: "Mahindi ya aina gani?"

Nilicheka peke yangu ofisini, kicheko kibaya. Miaka saba nimekaa na watu hawa na nimewaona ndugu. Leo wamekuwa milango iliyofungwa tu. Na la kuuma ni kwamba mimi mwenyewe ningeuliza hilo hilo.

Jumapili, 12 Aprili

Nimekiri. Niandike yote kabla sijaanza kuyapunguza.

Tulikuwa ukumbini watu watatu, mvua inapiga bati hadi unalazimika kupaza sauti. Mwamvita alikuwa anamsuka Shangazi.

"Shangazi," nilisema, "Profesa Trehalosi ni mimi."

Akanitazama. "Umekula wewe?"

"Nimekula. Nakwambia kweli. Tazama." Nikafungua simu, nikamwonyesha ukurasa wangu, jina, majibu yangu ya miaka saba.

"Mbona naona uyoga."

"Huo uyoga ndiyo mimi."

"Shamimu, mie nimekulea tangu una miaka sita," alisema Shangazi. "Hujawahi kuwa uyoga."

Mwamvita akaangua kicheko, kitana kikamponyoka. Mimi nikazidi kupandisha sauti. "Ule ugali uliopimwa ni wako! Wa sufuria yako ile kubwa! Niliubeba kwenye hotpoti ya bluu!"

"Ohoo! Kumbe ndo ilikopotelea hotpoti yangu?"

"Shangazi, nisikilize! Nilikosea. Nilihesabu mkavu, sikuandika. Kiporo hakitibu. Kina sukari kama ugali mwingine, imepungua kidogo tu. Nakuomba uchome sindano."

Aliinua mkono, Mwamvita akaacha kusuka. Nikadhani imeingia. Kisha akanishika mkono kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza. "Mwanangu, najua kazini hawakuoni. Najua unajituma. Ila ukitaka sifa utazipata kwa jina lako. Usichukue za watu."

Mwamvita naye hakucheka tena. Aliinama akaendelea kusuka, anaona haya kwa ajili yangu.

Nilitoka nikasimama barazani, maji ya bati yananirukia. Miaka saba nilifurahia kwamba hakuna anayenijua kule. Nilifanya kazi nzuri sana ya kujificha.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua. Vijiti vya kupimia vimekwisha. Duka la dawa la mtaani nalo halina.

Ijumaa, 17 Aprili

Mguu wa kushoto wa Shangazi una kidonda, chini ya kidole gumba. Hajui kilianza lini. Anafikiri alikanyaga kipande cha mfupa, njia ya kibandani imejaa maji yanayotoka machinjioni na kila kitu kinaelea. "Hakiumi," anasema, kama vile hiyo ni habari njema. Mimi najua kwa nini hakiumi, sukari imekwishaua hisia za mguu, na nimemwambia, na amenisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani.

Hasira zote nilimshushia Mwamvita. Nilimfuata kwake nikamwambia mambo ambayo siyarudii hapa. Yeye alikuwa kakalia ndoo, na ukutani iko picha ya marehemu mumewe, Romani, ambaye mimi namkumbuka akitembelea magongo.

"Romani sukari ilimmaliza miaka minne," alisema. "Miaka yote minne mie sikuwa na kitu cha kumpa, Shamimu. Kila alichokipenda nilimnyang'anya. Ile sauti ilivyokuja nikasema, angalau sasa nimepata kitu cha kumpa mtu."

Nilirudi nyumbani sina pa kuiweka ile hasira. Jioni nilimkuta Mwamvita yuko kwetu, kapiga magoti, anamwosha Shangazi mguu kwa maji ya chumvi. Atakuja kila siku, amesema. Ndivyo alivyo. Anaosha kidonda na anaamini kiporo, vyote kwa moyo ule ule.

Jumatatu, 20 Aprili

Kidonda kimeanza kunuka. Shangazi anakifunika na kanga wateja wasihisi. Nimemwita muuguzi wa zahanati aje nyumbani. Kaja, kasema apelekwe hospitali kubwa, Shangazi kamshukuru na kumpa chai.

Kazini nilivunja vyombo viwili. Mkuu wangu, Gaudens, mtu wa Songea asiyependa maneno mengi, akafunga mlango tukiwa wawili, akaniuliza. Nikamweleza kila kitu, jukwaa, uyoga, hotpoti. Hakucheka.

"Wewe hawakutaki," alisema.

"Hawanitaki."

"Profesa wanamtaka."

"Hayupo, mkuu."

"Sasa si umlete."

Jumanne, 21 Aprili

Nilimwambia Shangazi kwamba naweza kumfikishia Profesa swali lake kupitia jukwaa. Uso wake uling'aa. Alivaa hata baibui, kana kwamba anapigwa picha. Nikashika simu, yeye akatamka, nami nikaandika neno kwa neno:

"Asalaam aleikum Profesa. Mie naitwa Zubeda binti Mwishehe, wa Vingunguti, napika. Kiporo nakula asubuhi na jioni, kizunguzungu kimeisha, nakushukuru. Ila nina kidonda mguuni. Hakiumi, lakini kinanuka, na mtoto wangu hana raha. Nifanyeje?"

Pale kwenye mtoto wangu hana raha nilikosea herufi mara tatu.

Jukwaa letu linamruhusu mtu kujitumia ujumbe mwenyewe. Wengi tunahifadhi hesabu zetu huko zisipotee. Nikamtumia Trehalosi.

Jumatano, 22 Aprili

Asubuhi nilimsomea Shangazi jibu, Mwamvita akiwepo. Alijivutia kanga kichwani, akatulia kama anasikiliza hotuba ya Ijumaa.

"Waaleikum salaam Bi Zubeda. Nilikosea. Hesabu yangu ilikuwa ya unga mkavu, nawe unakula ugali wenye maji. Kiporo ni chakula, si dawa. Yule mwenye sauti sikumtuma mimi. Choma sindano leo. Nenda hospitali leo, usingoje mvua ikatike. Nakuomba."

Maneno yale yale ya tarehe kumi na mbili. Sikuongeza kitu, isipokuwa salamu, yule mwenye sauti na hospitali.

"Mtu mzima kakubali kosa," alisema Shangazi. "Umeona, Shamimu? Wasomi wa kweli ndo walivyo." Akaniomba sindano. Nikamvutia dawa, akachoma mwenyewe.

Tukatoka saa nne. Bonde la kutokea mtaani kwetu lilikuwa limejaa maji, bajaji haikubali kushuka, dereva anatutazama kutoka ng'ambo na kutikisa kichwa. Tukasimama ukingoni. Mimi na vitabu vyangu vyote nilisimama tu, sijui nianzie wapi. Mwamvita ndiye aliyekunja gauni, akachuchumaa, akasema: "Bi Zubeda, panda." Akambeba mgongoni, maji yanamfika mapajani, anapapasa chini kwa mguu kabla ya kila hatua. Mimi nilifuata nyuma na mwavuli, nikimfunika Shangazi kichwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Ijumaa, 24 Aprili

Madaktari wamesema tungefika siku nane mapema kingekatwa kidole tu. Wanakata chini ya goti.

Kuanzia tarehe kumi na mbili, siku niliyokiri, hadi tulipofika hospitali, nimehesabu kwa vidole, kisha kwa kalamu. Siku kumi. Zile mbili zilizozidi ndizo zinazoniua.

Jumamosi, 25 Aprili

Wamekata.

Alhamisi, 30 Aprili

Inulini kaniandikia faragha. Kaona jinsi nilivyonyamaza. "Sheria ya nne niliiandika mimi," anasema, "baada ya jambo linalofanana na hili. Lilikuwa la kaka yangu. Nilidhani sheria ingetosha. Pole, Trehalosi." Kaweka pia tangazo juu ya uzi wangu, kwa herufi kubwa nyekundu: NAMBA HII NI KAVU, SI YA SAHANINI. Nimemshukuru kwa dhati. Vingunguti hakuna atakayelisoma.

Ile sauti tamu bado inazunguka. Jana nimeisikia wodini, kwenye simu ya mama mwenye kitanda cha dirishani. Nilikwenda kumweleza. Akanisikiliza vizuri, akaniuliza kama mimi ni daktari. Nikasema hapana.

Jumapili, 10 Mei

Tumerudi nyumbani. Njia imekauka, ina nyufa. Kibanda kimefungwa, maana kusonga ugali wa watu arobaini kunataka miguu miwili imara. Ubao Mwamvita ameufuta bila kuambiwa. Kiporo cha chaki bado kinaonekana kidogo ukitazama kwa upande.

Shangazi anachoma sindano kila siku, kwa saa, kwa sababu Profesa kasema.

Jumatano, 13 Mei

Nane nukta mbili. Manyunyu tu.

Jumamosi, 16 Mei

Leo jua limewaka kutwa. Tumemtoa Shangazi barazani, kakaa kwenye kiti cha plastiki, gongo la kutembelea la marehemu Romani liko pembeni yake; Mwamvita ndiye aliyelileta, kalisugua hadi linang'aa. Nilikuwa nafua. Akaniita.

"Chukua simu, uandike."

"Kwa nani, Shangazi?"

"Kwa Profesa. Toka siku ile hatujamwambia kilichotokea. Mtu mwenye roho kama ile atakuwa na wasiwasi."

Nilisema tumwandikie siku nyingine. Nikasema chaji imekwisha. Akasema, chaji naiona hapo, nusu. Nikafuta mikono kwenye gauni, nikakaa chini mbele yake, karibu na ule mguu mmoja uliobaki.

"Mwambie mguu umekatwa," alitamka polepole, kunipa nafasi. "Lakini sindano zinaendelea na sukari imeshuka. Mwambie asijilaumu. Kosa lake alilisema mwenyewe, mchana kweupe, bila kulazimishwa. Mie ndo nilichelewa kusikia. Umeandika?"

"Naandika."

"Mwambie Zubeda binti Mwishehe kamsamehe mbele ya Mungu, duniani na ahera. Asikae na jambo hilo moyoni, akaacha kazi yake. Ana faida kwa watu." Akafikiri kidogo. "Na umwambie mtoto wangu Shamimu anamsalimia. Naye anapimaga wanga."

Nilitaka kusema. Maneno yalikuwa mdomoni, yale yale ya siku ya mvua. Lakini nilishayasema mara moja, na nilijua yatarudi na jibu gani, tena kwa upole ule ule, na safari hii yangemnyang'anya hata Profesa, huyo mmoja aliyemkubali.

"Umeandika yote? Na la kusamehe?"

"Nimeandika yote."

"Tuma."

Nikatuma. Simu ikatetemeka mkononi mwangu.

Shangazi akaisikia. Akatabasamu, akajirudisha nyuma kwenye kiti, macho kayafumba kwa jua.

"Umeona, imemfika," alisema. "Usimsemeshe. Mwache asome."